Chaki Ndani ya Mkate

"Chaki, mama! Nimekula chaki mbele ya watu kumi na wawili!"

"Jana kwenye simu walikuwa tisa."

"Wengine watatu waliingia nikiwa natabasamu!"

Fundi hakucheka, ingawa mbavu zilimwomba ruhusa. Alikuwa amesimama katikati ya chumba chake cha mbele, utepe wa kupimia umemlalia shingoni, mikono kiunoni, na hasira imempanda mpaka kitambaa cha kichwani kikaanza kujifungua chenyewe. Mkabala naye alisimama shangazi wa mtoto, dada wa mkwewe, karani wa mapokezi kwa daktari wa meno: viatu vya kisigino kirefu, mkoba kwapani, mdomo ameubana, kwa sababu tangu jana alikuwa hajaamini kama meno yake yamerudi kuwa meupe.

Na kati yao, juu ya kigoda, kifua kimefika usawa wa meza, alisimama mtoto mwenyewe. Wanamwita Kifungo, kwa kuwa alizaliwa mdogo, wa mviringo, na siku ya kwanza tu akapotea ndani ya shuka, wakamtafuta watu wazima wanne. Sasa ana miaka miwili na nusu. Alikuwa anamenya yai.

Yai lile alilianza saa tano, na sasa inakaribia saa saba. Anabandua ganda kipande kimoja, anakitazama, anakiweka kwenye kisosi, halafu anakitazama tena kuona kama kimehama. Kuna watu wamejenga nyumba, wakahamia na kugombana na majirani kwa muda huohuo. Lakini bibi yake hakumharakisha. Katika nyumba ile Fundi aliwaharakisha watu wote isipokuwa mmoja.

"Nilimpokea mtoto mkate kwa mikono miwili," shangazi akaendelea, "nikamwambia asante, nikaenda nao kazini. Saa nane nimekaa pale mbele ya wagonjwa, nauma mkate wangu. Naona mtu wa kwanza ananitazama. Wa pili ananitazama. Nikadhani nimependeza!"

"Na hukupendeza?"

"Meno ya bluu, mama! Mimi, kwa daktari wa meno! Kuna mzee alikuja kung'olewa gego, uso umevimba huku. Kunitazama tu akasema maumivu yamekwisha, akaondoka. Daktari akanivuta pembeni akaniuliza huu ugonjwa ulinianza lini!"

Hapo Fundi aligeukia dirisha kwanza, akajifanya anatafuta uzi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Katika nyumba ya Fundi hakuna kitu kinachokatwa kabla hakijachorwa. Kitambaa kinapimwa mara mbili, kinachorwa kwa chaki ya bluu, ndipo mkasi unaruhusiwa. Kifungo aliliona hilo tangu anajifunza kukaa, na walipoanza kutengeneza chakula cha mchana pamoja, miezi minne iliyopita, bibi mtu alimfundisha hivyohivyo: karoti ipimwe kwa utepe, tango lipimwe kwa utepe, mkate upimwe, halafu Kifungo akate kwa kisu cha siagi kisichoweza kumkata hata nzi. Kuchora walikuwa hawachori. Lakini jana aliingia mteja mmoja, akaapa kwamba kiuno chake hakijaongezeka bali ni sketi iliyosinyaa kwa wivu, na Fundi akamgeukia kumpa jibu lake lote, na lilikuwa refu. Mtoto akaona kazi imesimama. Akachukua chaki, akauchora mkate mstari mnyoofu ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa pili hauwezi, akapaka siagi juu yake, akafunika. Wa kwanza kupita mlangoni alikuwa shangazi yake. Akampa.

Fundi hakuona. Hilo ndilo lililomchoma, na mtu mwenye hasira ukimchoma mahali penye ukweli, hasira inazaa mapacha.

"Basi nimekosa," akasema, akigeuka. "Niligeuza mgongo. Nimekosa, nimekosa, nimekosa. Unataka niandike ukutani? Sijui kuandika."

"Sitaki uandike. Nataka Jumatatu mtoto aende kwa mlezi."

Sasa neno lilikuwa limetua mezani, kati ya yai na mkate. Fundi alilijua tangu jana usiku, binti yake alipomweleza kwa sauti ya chini kwamba wifi amepata nafasi kwa mwanamke mmoja anayelea watoto nyuma ya soko, nafasi ni moja, na jibu linatakiwa leo. Kaka mtu, baba wa mtoto, yuko na lori lake nchi za watu. Kwenye simu alisema mwamuzi ni mama wa mtoto. Na mama wa mtoto, ambaye anafua mashuka ya hospitali kuanzia alfajiri, leo Jumamosi anafika nyumbani saa saba. Alikuwa amemwambia mama yake jambo moja tu: "Nitaamua nikirudi." Shangazi naye, kwa kuwa si mjinga, akaja saa sita na nusu.

"Mtoto haendi popote," Fundi akasema.

"Kwa heshima zote, mama..."

"Heshima iweke kwenye mkoba, ufunge zipu. Sema unalotaka kusema."

"Haya. Nasema. Mtoto wa miaka miwili na nusu anasimamishwa kwenye kigoda kama mpishi wa hoteli. Amechemsha, amemenya, amekata. Watoto wenzake wanacheza. Huyu mmemwajiri!"

"Mwulize kama amechoka."

Shangazi akainama, sauti ikageuka asali. "Kifungo, mama, njoo kwa shangazi. Njoo ucheze. Wacha hilo yai."

Kifungo alimtazama shangazi, akalitazama yai, akapima. "Bado," akasema.

Hilo lilikuwa neno lake kubwa. Alikuwa na maneno kama thelathini, na mengi ya hayo yalikuja mara mojamoja kama wageni, lakini "bado" na "nawa" yalikuwa askari wake wa kila siku. Mtu akinyoosha mkono kwenye sahani kabla ya wakati: bado. Mtu akikaribia meza kutoka nje: nawa. Aliwahi kumrudisha mpaka mwenye nyumba bombani.

"Unaona?" Fundi akasema. "Huyu alikuwa hali. Mama yake alipoanza kazi, mtoto alifunga mdomo siku tatu. Tulimlisha kwa nyimbo, tukamlisha kwa vitisho, jirani akaja kucheza mbele yake mpaka akateguka kifundo cha mguu. Hakufungua. Siku ya nne nimechoka, nimekaa namenya karoti yangu, akaja akashika mkono wangu. Tukamenya wote. Akala karoti nzima, akala ganda, angeachwa angekula na kisu. Tangu hapo anakula alichokigusa. Mtoto akililia wembe..."

"Mpe! Ndiyo, mpe! Ndio mpango wenu hapa, mtoto apewe wembe!" Shangazi alipiga meza, na kipande cha ganda kikahama kweli. "Leo chaki, kesho pini! Nyumba hii ina pini kuliko hewa! Nikikaa hapa naogopa kukaa! Akimeza moja tutamwambia nini kaka yangu?"

Fundi alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa chini ya cherehani, limefungwa kwa kamba.

"Kifungo," akasema. "Gari."

Mtoto aliliweka yai kwenye kisosi, akafuta mikono tumboni, akashuka kigoda kinyumenyume, makalio kwanza, kama mtu anayeshuka kwenye paa. Akaingia chini ya cherehani, akatoka akivuta gari lake. Halikuwa gari. Lilikuwa sumaku nzito iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, imefungwa kamba ya kuvutia, na kila asubuhi kabla ya kunawa, kabla ya mkate, Kifungo huliendesha chumba kizima: pembeni mwa ukuta, chini ya meza, nyuma ya mlango, huku akinguruma kwa mdomo kama baba yake anapopanda mlima. Pini zote za usiku hupanda gari. Kisha bibi huzibandua moja moja na kuzifungia kwenye mkebe wenye kifuniko ambacho yeye mwenyewe hukifungua kwa meno.

"Leo asubuhi limepita mara mbili," Fundi akasema. "Tazama kama litashika kitu."

Gari lilinguruma. Lilipita chini ya meza, safi. Likapita mguu wa cherehani, safi. Likazunguka nyuma ya shangazi, likakwaruza kisigino cha kiatu chake, na papo hapo sketi yake ya kazini ikavutwa chini, ta!, ikanata.

Watu wote wakatazama. Upindo wa sketi ulikuwa umeng'ang'ania sumaku, na Kifungo, ambaye hakuzoea gari lake kukwama, akavuta kwa nguvu zote za miaka miwili na nusu. Uzi ukasema krrr. Zikatoka pini tatu, zikajipanga juu ya sumaku, na upindo ukaanguka mpaka kwenye vifundo.

"Pini," Kifungo akatangaza.

"Upindo wako umeubana kwa pini," Fundi akasema taratibu, kila neno akilionja. "Umekuja nyumbani kwa fundi, na upindo wa pini, kunifundisha habari za pini. Nyani haoni kundule, lakini wewe mwanangu lako umelitembeza mpaka kazini."

"Ulifumuka jana! Nilikuwa na haraka!"

"Ungenipa nishone. Dakika mbili."

"Nikupe wewe ushone! Baada ya chaki!"

Ilikuwa hasira sasa isiyo na mlango. Shangazi alikuwa ameaibika, na aibu ikikosa pa kukaa huvaa nguo za ukali. Alishika upindo wake mkononi, akasimama kama anayevuka mto, na akatafuta jiwe kubwa kuliko yote alilokuwa nalo. Akalipata.

"Wewe unajifanya mwalimu wa mapishi leo. Na mwanao? Mwanao ulimfundisha nini? Alikuja kwetu bibi harusi, mama akamwambia achemshe mayai, akayaweka kwenye sufuria kavu! Bila tone la maji! Sufuria likawa jekundu, mayai yakapasuka kama risasi, baba yangu akalala chini ya meza akidhani wamekuja kumchukua! Miaka sita sasa, na kwetu mtu akitaka kucheka anasema tu 'mayai ya wifi'. Huyo ndiye mwanafunzi wako! Hukumfundisha wa kwako, leo unamfundisha wa kwetu!"

Fundi alisikia kitu kinakatika ndani yake, na hakikuwa uzi.

Kifungo alikuwa ameshapanda tena kigoda. Amerudi kwenye yai. Amebakiza kofia ndogo ya ganda upande mpana, ile ngumu, inayotaka kucha.

"Nieleze huyo mlezi," Fundi akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na waliomjua walikuwa wanaogopa zaidi ikishuka. "Nieleze watoto wanakaaje."

Shangazi akadhani ameshinda. Sauti yake nayo ikalainika. "Mama, pale ni usafi mtupu. Watoto kumi na wanne, na husikii hata mmoja. Kila mtoto ana kiti chake na mkanda wake. Chakula kinaletwa, wanalishwa, wanafutwa, wanalala. Hakuna anayegusa kisu. Hakuna anayegusa chochote."

"Mkanda."

"Wa usalama tu. Kiunoni. Ni laini, mama, niliushika mwenyewe."

"Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wazazi waje."

"Na wako kimya."

"Kimya kabisa!"

"Hata wangu ulikuwa laini!" Fundi akapiga kelele, na kwa kelele ile kuku wa nyumba ya tatu walitaga kabla ya siku yao. "Hata wangu ulikuwa laini, na hata wa kwangu alikuwa kimya! Unataka kujua kwa nini hakujua kuchemsha yai? Unacheka miaka sita hujui unacheka nini! Nilimfunga!"

Shangazi alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga upindo wake.

"Nilimfunga, umesikia? Mwanangu wa kumzaa. Wakati huo nina miaka ishirini na miwili, mume amekwenda kutafuta kazi na hakutafuta njia ya kurudi, nina sare za shule mia mbili za kushona, na mtoto wa umri wa huyu anayetaka kushika kila kitu. Nikachukua ukanda wa kitambaa, upande mmoja kiunoni kwake, upande wa pili kwenye mguu wa cherehani hii hii." Akaipiga cherehani kofi, na cherehani, ambayo haikuwa na kosa, ikatikisika. "Asubuhi mpaka jioni. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya pili akanyamaza, na watu wakaja kunipongeza! Mtoto mtulivu huyo, fundi, umemlea! Chakula nilikuwa namsukumia kwa mguu. Sahani, kwa mguu, ili mkono usiache kazi. Miaka miwili. Hakushika kijiko cha kukorogea, hakushika karoti, hakuona moto unawashwaje. Nilipomfungua alikuwa amezoea. Nikimwita jikoni anasimama pale pale ukanda ulipokuwa unaishia. Sasa ndiyo ajue yai linataka maji? Angejulia wapi? Ukanda haukufika jikoni!"

Utepe ulikuwa umemponyoka shingoni ukaanguka, na hakuuokota.

"Sikuwahi kumwambia. Nilisema alikuwa mdogo, hakumbuki, nyamaza, usifukue. Halafu akaniletea huyu, akaniambia mama nishikie. Na mimi nikaapa, huyu akichora mkate achore, akivunja mayai trei nzima avunje, akinipaka siagi mpaka masikioni nitajifuta. Lakini mtu hamfungi tena mbele ya macho yangu! Mpeleke kwa huyo wa mikanda uone kama sitakuja na mkasi nikakate yote kumi na minne!"

"Mama," shangazi akasema. Lakini hakuwa anamtazama Fundi. Alikuwa anatazama juu ya bega lake.

Fundi akageuka.

Mlango ulikuwa wazi, na binti yake alikuwa amesimama kizingitini, viatu mkononi, vidole vimekunjamana kwa maji, harufu ya sabuni ya hospitali imemtangulia ndani. Ameingia saa ngapi, hakuna aliyejua. Kifungo labda alijua, lakini Kifungo alikuwa na kazi.

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia kama panya, ikalia mpaka ikafika mbali.

Binti alitazama mguu wa cherehani. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga.

"Ukanda ulikuwa wa njano," akasema.

Fundi akaishika cherehani kwa mikono miwili.

Binti akaweka viatu chini. Akapita kati ya mama yake na wifi yake, hakumgusa yeyote, akafika mezani. Pale kulikuwa na mkate uliopimwa, karoti iliyokatwa vipande ambavyo hakuna viwili vilivyofanana, parachichi limepondwa mpaka likaomba msamaha, na yai moja, jeupe, limetobolewa na vidole sehemu tano, limemenywa lote. Akanyoosha mkono.

"Nawa," Kifungo akasema.

Mkono ukasimama hewani. Mama mtu akautazama, akamtazama mwanawe, akavuta maji ya pua mara moja, kwa nguvu. Kisha akakunja mikono ya gauni, wa kulia, wa kushoto, akaenda bombani. Aliporudi aliuvuta mguu wa meza kwa mguu wake, meza ikasogea, pakapatikana nafasi ya mtu wa pili kusimama kando ya kigoda.

"Nikate nini?" akamwuliza.

Mtoto akaokota utepe sakafuni, akaulaza juu ya mkate, upande wa namba chini kama kawaida yake, akampa kisu cha siagi.

Shangazi, upindo mkononi, akameza mate. "Wifi," akaanza, "kuhusu ile Jumatatu..."

"Bado," Kifungo akasema.